Kigoda, Kabati na Santuri: Historia ya Vyombo vya Kale vya Nyumba katika Nchi ya Mara

Wahenga walinena: usiache mbachao kwa msala upitao. Mbacha ni mkeka uliochakaa, na msala ni mkeka wa sala, mzuri kwa macho, lakini umo mikononi mwa mpita njia. Waliotunga methali hiyo hawakuutafuta mfano wao mbinguni wala baharini. Waliutwaa nyumbani, katika chombo ambacho mtu hukikalia kila siku pasipo kukitazama. Ndiyo desturi ya vyombo vya nyumba. Huwatumikia watu kwa kimya miaka mingi, hushuhudia posa na matanga, nao hutajwa katika vitabu vya historia mara chache kuliko vita na mikataba. Hata hivyo kiti kina historia kama mtawala alivyo nayo, na pengine historia ya kiti ni ya kweli zaidi, kwa kuwa kiti hakijui kujisifu.

Katika nchi iliyoko baina ya Musoma, Bunda na Butiama, mashariki ya Ziwa Viktoria, vimo vyombo vya namna mbili vinavyostahili kuchunguzwa pamoja. Vya kwanza ni samani za mbao: vigoda, viti vya mikono, makabati, meza na vitanda. Vya pili ni mitambo ya sauti: gramafoni, redio za kale, na yale makabati makubwa yaliyobeba redio na gramafoni kwa pamoja, ambayo watu waliyaita radiogramu. Kwa haraka mtu atadhani kuwa hapana uhusiano baina ya kigoda cha mzee na mtambo wa kuchezea santuri. Lakini vyombo hivi vilifika katika sebule moja, vilisuguliwa kwa kitambaa kimoja, na leo vinauzwa na kutupwa pamoja. Tena, kama itakavyoonekana, viling'arishwa na utomvu mmoja.

Chombo kilicho kikongwe kuliko vyote ni kigoda. Fundi alikichonga katika gogo moja, bila msumari wala gundi: uso wa duara uliobonyea kidogo, na miguu mitatu au minne iliyotokana na mti ule ule. Ubora wake haukuwa katika mapambo bali katika kuchagua mti. Mti mbichi hupasuka ukikauka. Mti wenye fundo hukataa shoka. Kwa hiyo fundi alilazimika kuujua mti kabla ya kuukata. Baada ya kuchonga kwa tezo alisugua kwa majani ya msasa, ambayo ni makavu na yenye kukwaruza. Watu walipoletewa karatasi yenye mchanga kutoka Ulaya hawakutafuta jina jipya. Waliita karatasi ile msasa, na jina la mti likaendelea kuishi dukani baada ya wengi kuusahau mti wenyewe.

Kigoda kilikuwa chombo cha heshima. Katika jamii nyingi za nchi hii mtu hakukalia kigoda cha mkuu wa nyumba ovyo, na kwa Kiswahili neno lenyewe likapata maana ya madaraka. Kwa watawala ilitakiwa zaidi ya kigoda. Katika nchi za Unyamwezi zilichongwa enzi zenye egemeo refu, na mojawapo iliyo mashuhuri, iliyotoka Buruku, ilichukuliwa zamani za Wadachi na sasa imo katika jumba la makumbusho la Berlin. Mfano huo una funzo lake. Kiti kile kilisalia kwa sababu kilitunzwa. Lakini kilitunzwa mbali na watu waliojua jina la fundi wake, na jina hilo limepotea. Kutunza chombo pasipo kutunza habari zake ni kuokoa ganda na kuacha kiini.

Butiama ilikuwa makao ya Mtemi Burito Nyerere wa Wazanaki, aliyefariki mwaka 1942 na kurithiwa na mwanawe Edward Wanzagi. Mwana mwingine wa mtemi huyo, Julius Kambarage, alizaliwa mwaka 1922, akaingia shule ya Mwisenge mjini Musoma mwaka 1934. Mtoto aliyetoka katika boma la mtemi na kuingia darasani alivuka kutoka ulimwengu wa vigoda kwenda ulimwengu wa madawati. Mabadiliko hayo yaonekana madogo, lakini sivyo. Kigoda humweka mtu karibu na ardhi na karibu na moto, akiwaelekea wenzake katika duara. Dawati humwinua, humnyoosha mgongo, na humwelekeza mbele kwa mtu mmoja. Kila namna ya kukaa ina namna yake ya kutii.

Samani za kigeni ziliingia nchi ya Mara kwa njia ya maji. Reli ya kutoka Mombasa ilifika Kisumu mwaka 1901, na baada ya hapo meli za ziwani, kama vile William Mackinnon, Clement Hill, Usoga na Rusinga, zikaunganisha bandari za Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwaka 1961 zikaongezewa Victoria. Musoma ikawa mlango. Kwa mlango huo ziliingia meza za ofisi za boma, vitanda vya chuma, mashine za kushona, vioo na saa za ukutani. Wamisionari nao walileta vyao: Mapadri Weupe walianza Nyegina mwaka 1911, Wamenno walifika Shirati mwaka 1934, na Mapadri wa Maryknoll walifika Musoma mwaka 1946. Kadhalika machimbo ya dhahabu ya Buhemba, yaliyochimbwa zamani za Wadachi na tena zamani za Waingereza, na yale ya Kiabakari, yaliyofungwa mwaka 1966, yalikuwa na nyumba za Wazungu zilizohitaji viti na makabati. Mzungu aliyehama hakusafiri na kabati. Aliliuza au aliliacha, na kwa njia hiyo samani za makao ya mabwana zikaingia katika nyumba za makarani, walimu na wauguzi.

Lakini itakuwa kosa kudhani kwamba samani zote nzuri zilitoka ng'ambo. Zilizo nyingi zilitengenezwa humu humu na mafundi wa Kihindi, hasa Masingasinga, ambao wengi wao walikuja Afrika ya Mashariki kwa kazi ya reli na warsha zake, na waanagenzi wa Kiafrika waliosimama kando yao kwa miaka mpaka wakawa mafundi wenyewe. Mbao yao ilikuwa mninga. Mninga ni mti wa miombo wenye moyo wa rangi ya dhahabu na kahawia, wenye mistari kama maji yanayotembea. Hukauka bila kujikunja sana, hukubali randa, na mchwa hawaupendi. Mvule ulitumika pia, nao ni mti wenye nguvu usioogopa unyevu. Kabati la mninga lililounganishwa kwa ulimi na tundu, bila kutegemea misumari, laweza kuishi kuliko nyumba iliyolihifadhi.

Juu ya mbao hiyo ulipakwa mng'aro, na hapa ndipo historia ya samani na historia ya sauti zinapokutana. Kwa karne nyingi watu wa pwani walichimba sandarusi, yaani utomvu wa kale wa msandarusi uliogeuka kuwa mgumu ardhini. Katika karne ya 19 sandarusi ya Mrima, iliyopita Unguja, ilisafirishwa mpaka bandari ya Salem huko Marekani na bandari nyingine za mbali, ikayeyushwa kuwa vanishi. Magari ya farasi na meza za matajiri wa ng'ambo ziling'aa kwa jasho la wachimbaji wa pwani hii, ambao wenyewe walikalia mikeka.

Utomvu wa pili ulitoka Bara Hindi. Huko kuna kidudu kidogo kinachokaa juu ya matawi ya miti na kutoa lakiri. Wengi katika nchi hii waliijua lakiri kwa kufungia barua na vifurushi vya serikali. Maseremala waliijua zaidi: waliiloweka katika spiriti, wakaipaka kwa kitambaa tabaka juu ya tabaka, mpaka mninga ukawa kama kioo. Basi lakiri hiyo hiyo, ikichanganywa na unga wa mawe na rangi nyeusi, ndiyo iliyokuwa kiungo cha santuri za kale, zile zilizozunguka mara 78 kwa dakika na kuvunjika kama sahani zikianguka. Siti binti Saad alipokwenda Bombay mwaka 1928 kutiwa sauti yake katika santuri, sauti ya Kiswahili ilichongwa katika lakiri. Kwa hiyo aliyekuwa na kabati lililong'arishwa na santuri juu yake alikuwa na kazi ya kidudu kimoja katika sura mbili: moja ya kutazamwa na moja ya kusikilizwa.

Gramafoni ya kupinda kwa mkono ilifaa sana katika nchi isiyokuwa na umeme. Haikuhitaji betri wala waya. Nguvu yake ilikuwa springi, na sauti yake ilitoka katika sindano ya chuma, ikapita katika utando mwembamba na kukuzwa na tarumbeta au sanduku. Redio ilikuja baadaye. Sauti ya Dar es Salaam ilianza kutangaza mwaka 1951. Mwaka 1956 likaundwa Shirika la Utangazaji la Tanganyika. Na mwaka 1965 serikali ikalifanya Radio Tanzania Dar es Salaam. Lakini redio za awali zilitumia vali, yaani vichupa vya kioo vyenye nyuzi zinazowaka moto, navyo vilikula umeme mwingi. Kijijini vilihitaji betri kubwa zenye bei. Ndiyo sababu Waingereza walibuni mwaka 1949, kwa ajili ya Rhodesia ya Kaskazini, redio ya betri iliyotiwa ndani ya kopo la duara mfano wa sufuria, ikauzwa kwa pauni 5. Hata bei hiyo ilikuwa kubwa kwa mkulima.

Mambo yaligeuzwa na transista, iliyovumbuliwa Marekani mwaka 1947 na kuingia katika redio za kuuzwa mwaka 1954. Redio ikawa ndogo, ikatumia betri za tochi, na bei ikashuka. Baada ya uhuru viwanda vya kuunganisha redio vikafunguliwa nchini, Arusha na Dar es Salaam. Katika nchi ya pamba, na Bunda ni nchi ya pamba, msimu wa mauzo ulikuwa msimu wa kununua. Baiskeli, cherehani na redio ndizo zilizokuwa alama tatu za mavuno mema. Watu wa mjini waliokuwa na umeme walikwenda mbele zaidi, wakanunua radiogramu: kabati la mbao lenye miguu ya kuchongoka, redio upande mmoja, mtambo wa santuri upande wa pili, na spika zilizofunikwa kwa kitambaa kilichofumwa. Chombo hicho kilikuwa samani na mtambo kwa wakati mmoja. Hakikufichwa chumbani, kilikaa sebuleni, kikatandikwa kitambaa cheupe kilichodariziwa, na juu yake zikapangwa picha za jamaa.

Elimu ya sauti nayo ilikuwa imeendelea. Mwaka 1931 Mwingereza Alan Blumlein alibuni njia ya kutia sauti mbili katika mfereo mmoja wa santuri, kila ukuta wa mfereo ukibeba sauti yake, ili msikilizaji aisikie ngoma kushoto na gitaa kulia kama aliyekaa mbele ya wapigaji. Uvumbuzi huo ulingoja zaidi ya miaka 25. Mwaka 1948 ilipatikana santuri ndefu ya plastiki, mwaka 1949 santuri ndogo ya mizunguko 45, na kufikia mwaka 1958 santuri za stirio zikauzwa kwa watu wote. Santuri ya mizunguko 45 ndiyo iliyoiteka nchi ya Mara, kwa kuwa ilikuwa nyepesi, haikuvunjika kirahisi safarini, na ilichapwa karibu, Nairobi, ambako barabara ya Sirari ilielekea. Ndani yake zilisikika bendi za nchi yenyewe, kama Mara Jazz na Musoma Jazz. Daniel Owino Misiani, aliyezaliwa karibu na Shirati mwaka 1940, alivuka mpaka akajenga jina lake Kenya pamoja na Shirati Jazz. Alifariki mwaka 2006, lakini jina la kijiji cha nyumbani lilikwisha kuzungushwa juu ya sahani za gramafoni katika nchi nyingi.

Hapo historia ya vyombo inakutana na historia ya siasa, nayo haipaswi kupakwa mng'aro. Azimio la Arusha la mwaka 1967 halikumkataza mtu kiti wala redio. Lilimkataza kiongozi kuishi kwa jasho la wengine. Redio yenyewe ilipata heshima mpya. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya ilikusanya watu wapatao milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza. Redio moja iliwekwa juu ya meza, watu wakaizunguka, wakasikiliza, kisha wakajadiliana juu ya maji, choo na mbu. Pengine hakuna wakati mwingine ambapo chombo kimoja cha nyumba kilifanya kazi ya shule, zahanati na baraza kwa pamoja.

Lakini Novemba 1973 ilitangazwa kwamba watu wote wahamie katika vijiji kabla ya mwisho wa mwaka 1976, na mwaka 1974 nchi ya Mara ilikuwa katika msukosuko wa kuhama. Kabati la mninga haliwezi kubebwa kichwani. Aliyehamishwa kwa haraka alichukua watoto, chakula na mifugo. Kilicho kizito kilibaki kunyeshewa na mvua. Februari 1977 mpaka wa Kenya ulifungwa Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika, ukafunguliwa tena Novemba 1983. Kwa karibu miaka 7 njia ya santuri, sindano na vipuri vya redio ilizibwa, au ilipita gizani. Vita dhidi ya Idi Amin ya 1978 na 1979 iliongeza dhiki. Kisha mwaka 1983 serikali ilianza msako wa wahujumu uchumi. Wako waliokuwa walanguzi kweli kweli. Lakini hofu iliwaenea hata wasio na hatia, na katika miji ya nchi watu wakatupa mali zao usiku wasije wakaulizwa zilikotoka. Chombo kilichokuwa fahari ya sebule kikawa shahidi wa kuogopwa.

Mwaka uliofuata milango ya biashara ilianza kufunguliwa, na bidhaa za nje zikaja kwa wingi. Kaseti, iliyobuniwa na Philips mwaka 1963, ilikuwa imekwisha kuishinda santuri. Televisheni ikaanza Tanzania Bara mwaka 1994. Makochi ya sponji yakachukua nafasi ya viti vya mninga, na kipya kikawa kinyemi ingawa kidonda. Radiogramu iliyoharibika ilitolewa mtambo wake, ikawa kabati la sufuria. Iliyobahatika iliegemezwa stoo. Yasisemwe haya kwa kuwalaumu wenye vyombo. Mtu aliyekosa vipuri kwa miaka 7 hana kosa akichoka kungoja.

Sasa gurudumu limegeuka tena. Wako watu, wengi wao vijana waliosoma, wanaotafuta vyombo hivi kwa hamu. Wanaingia katika maduka ya vitu vilivyotumika, katika karakana za maseremala, na katika minada. Furaha yao ni halali, lakini yahitaji elimu, kwa sababu asiyejua hununua jina na kuacha kitu.

Anayetafuta kabati la kale hana budi kulitazama kwa nyuma kabla ya mbele. Fundi mzuri hakudanganya mahali pasipoonekana. Avute droo aone pembe zake: zikiwa zimeshikana kwa meno yaliyochongwa, hiyo ni kazi ya mkono wenye subira, zikiwa zimepigwa misumari tu, ni kazi ya haraka. Alinyanyue upande mmoja, maana mbao nzima ina uzito ambao ubao wa unga uliobandikwa ngozi ya mti hauna. Achunguze vumbi laini sakafuni, kwani hilo ndilo tangazo la bungua anayekula ndani. Na akikuta mng'aro wa kale umefifia, asikimbilie msasa. Msasa hauchagui, huondoa uchafu pamoja na miaka. Lakiri iliyochoka hufufuliwa kwa spiriti kidogo na lakiri mpya, na alama za mikono ya watu waliotangulia hubaki mahali pake.

Mitambo nayo ina adabu zake. Redio ya vali iliyolala miaka 30 haitiwi umeme siku ya kwanza. Ndani yake mna kapasita zilizokauka, ambazo zikipigwa na umeme wa voti 230 kwa ghafula zaweza kupasuka na kuunguza transfoma isiyopatikana tena. Kwanza fundi huzibadilisha, ndipo huuingiza umeme kidogo kidogo. Tena hatari iko kwa mwenyewe, kwa kuwa umeme ulio ndani ya vali huua. Kwa upande wa santuri, ile ya mizunguko 78 ina mfereo mpana na yataka sindano yake. Sindano nyembamba ya santuri ya stirio hutambaa chini ya mfereo ule na kukwaruza. Mara nyingi mtambo wenyewe, kama ile ya Garrard iliyotoka Swindon, Uingereza, haukufa bali umeganda mafuta. Ukisafishwa na kupewa mafuta mapya huzunguka kama ulivyozunguka siku ya harusi ya babu. Elimu hii imo vichwani mwa mafundi wazee, nao wanapungua. Redio yenye fundi ni redio; redio isiyokuwa na fundi ni sanduku.

Liko jambo moja lililo zito kuliko bungua na kapasita. Mjane wa kijijini aliye na kiti cha mninga cha mumewe huenda asijue kwamba kiti hicho mjini kitauzwa kwa bei ya ng'ombe. Mnunuzi hufika na gari, hutoa noti chache, hushukuriwa, huondoka. Sheria ya mambo ya kale ya mwaka 1964 yalinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya mwaka 1863, na milango iliyochongwa kabla ya mwaka 1940. Kabati la seremala aliyejifunza kwa Singasinga, au radiogramu iliyosikilizwa katika usiku wa uhuru, ni vijana mno mbele ya umri huo. Kwa hiyo kinga yao ni dhamiri ya mnunuzi na maarifa ya muuzaji. Bei ya haki ndiyo nusu ya kinga. Nusu ya pili ni habari: nani alikitengeneza, mti ulitoka wapi, nani alikikalia, wimbo gani ulipigwa nyumba ilipopata mtoto. Mnunuzi asiyeuliza maswali hayo ameyafanya kwa shilingi yale yale yaliyofanywa kwa nguvu huko Buruku.

Yawezekana kutokea pingamizi. Mtu atauliza: nchi yenye shule zisizo na madawati ya kutosha ina haja gani ya kuhuzunikia makabati makongwe? Swali hilo ni la haki, na Butiama ndipo mahali pafaapo kulijibu. Makumbusho ya Mwalimu Nyerere yalifunguliwa huko tarehe 2 Julai 1999, miezi michache kabla hajafariki London tarehe 14 Oktoba mwaka huo. Humo mna zawadi alizopewa na mataifa na watu, na vitu alivyovitumia mwenyewe. Mgeni anayetazama huona upesi kwamba thamani ya vitu hivyo haitokani na dhahabu. Hutokana na kutumika. Mtu aliyerudi kijijini mwaka 1985 baada ya kuacha urais, akalima, akasoma na kucheza bao na wenzake, alionyesha kwamba mtu si vyombo vyake, bali vyombo huhesabiwa kwa mtu. Kuvitunza vyombo vya kale, basi, si anasa iwapo vinatumika. Dawati la shule lililotengenezwa kwa elimu ya ulimi na tundu lingedumu miaka 40. Kuisahau elimu hiyo ndiko kulikozileta shule katika kununua madawati kila baada ya miaka michache. Kumbe aliyelinda kabati kongwe na fundi wake amelinda pia dawati la mjukuu.

Furaha ya vyombo hivi nayo haipatikani kwa kuvimiliki tu. Radiogramu ya mtu aliyejifungia peke yake imepungukiwa, kwa maana haikuundwa kwa masikio mawili. Iliundwa kwa sebule, kwa jirani aliyepita na kuitwa, kwa watoto waliokaa sakafuni, kwa mzee aliyeinua mkono kuomba wimbo urudiwe. Santuri haikubali haraka: lazima itolewe katika bahasha, ifutwe vumbi, iwekwe, sindano ishushwe kwa mkono usiotetemeka. Baada ya dakika 3 yapaswa kugeuzwa, na katika kimya kile kifupi watu huzungumza. Huenda kimya hicho ndicho wanachokitafuta vijana wa leo pasipo kukijua.

Mwaka 2008 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianzisha uprofesa kwa kumbukumbu ya Mwalimu, kikauita Kigoda cha Mwalimu. Lugha zilikuwa na maneno mengine ya fahari, lakini lililochaguliwa ni jina la chombo kifupi cha miguu michache, kilichochongwa katika gogo moja, ambacho mtu huketi juu yake akiwaelekea wenzake. Chaguo hilo lilikuwa na busara. Neno la kigoda limefika chuoni salama. Vigoda vyenyewe, na viti vilivyovifuata, na sauti zilizosikika karibu navyo, vingali vimetawanyika katika nyumba za Musoma, Bunda na Butiama, vikimngoja mtu atakayeuliza habari zake kabla hajauliza bei.